Usinyamaze Maabarani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwanafunzi Mtafiti

Maneno haya ni kwa kijana wa Afrika Mashariki anayesoma shahada ya kwanza Marekani, ambaye amesikia kwamba chuoni kwake mwanafunzi anaweza kufanya utafiti chini ya profesa na akalipwa. Umesikia sawa. MIT walianzisha mpango wao, UROP, mwaka 1969 chini ya Margaret MacVicar. Caltech wakaanzisha wa kwao, SURF, mwaka 1979. Tangu 1987 taasisi ya serikali inayogharamia sayansi, NSF, ina mpango wa REU, ambao kila kiangazi hukusanya vikundi vya wanafunzi kwenye vyuo mbalimbali wakafanya utafiti kwa posho, mara nyingi kwa wiki 10. Leo vyuo vingi, vikubwa kwa vidogo, vina utaratibu wa namna hiyo.

Nimepita humo. Nilisimamiwa, na sasa nasimamia. Nimeona vijana wetu wenye akili nzuri wakipoteza nafasi hizi, na karibu kila mara walizipoteza kwa kunyamaza. Walinyamaza walipotakiwa kuuliza, walinyamaza walipokosea, walinyamaza walipopunjwa. Nyumbani tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hahojiani na mwalimu wake. Adabu hiyo ina mahali pake, lakini maabarani inaharibu kazi, na imewahi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo hapa sitambembeleza mtu.

KABLA HUJAOMBA

Soma sharti la uraia kabla hujajaza fomu.

Fedha za REU ni za serikali, na sharti lake halina mlango wa uani: anayelipwa kwa fedha hizo awe mwenye uraia au utaifa wa Marekani, au mkaazi wa kudumu mwenye grini kadi. Mpango wa McNair wa kuwaandaa wanafunzi kwa uzamivu, uliopewa jina la mwanaanga Ronald McNair aliyefariki katika ajali ya Challenger mwaka 1986, nao una sharti la aina hiyo. Bado nakutana na wanafunzi wa kigeni wenye viza ya masomo ya F-1 waliomaliza likizo nzima ya Desemba wakiandika maombi ya REU ambayo hayatasomwa na mtu. Kama una F-1, nguvu zako zipeleke kwanza kwenye mpango wa chuo chako mwenyewe, kwa sababu huko fedha mara nyingi ni za chuo na sharti hilo halipo. Kama unataka kutoka nje, Ujerumani kuna RISE ya shirika la DAAD, inayopokea wanafunzi waliosajiliwa kwenye vyuo vya Amerika Kaskazini, Uingereza na Ireland. Ila kabla hujapanda ndege kwenda Ulaya, hakikisha viza yako ya kurudi Marekani bado ina muda. Wengi wetu tuna viza iliyokwisha, hati ya chuo ya I-20 ikiwa hai, na tofauti ya hivyo viwili watu huijua wakiwa wamekwama ubalozini.

Na nyie mliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, mliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma, mkapewa grini kadi: REU na McNair ni milango yenu. Msijitoe wenyewe kwa kudhani kwamba ni vitu vya Wamarekani wa kuzaliwa. Maombi mengi ya kiangazi hufungwa kati ya Januari na Machi, kwa hiyo barua za kupendekezwa anza kuziomba Novemba.

Usitume barua pepe moja kwa maprofesa 40.

Barua isiyotaja chochote kuhusu kazi ya profesa hufutwa kabla haijasomwa hadi mwisho, na haki yake. Chagua maprofesa 5. Kila mmoja mtafutie makala 2 za karibuni, usome muhtasari, utangulizi na grafu zote, hata kama katikati umepotea. Kisha andika sentensi 8 au 9, zisizidi: wewe ni nani na uko mwaka gani, umesoma makala ipi, nini ndani yake kimekushika, swali gani umebaki nalo, masomo gani yanayohusika umeshafanya, unaweza saa ngapi kwa wiki, na ombi la dakika 15 za kuonana. Mwite Profesa na jina lake la ukoo mpaka yeye mwenyewe atakapokujibu kwa jina lake la kwanza.

Usipige magoti kwenye barua. Nazipata barua za vijana wetu zenye samahani 3 kabla hata jina halijatajwa, na shukrani za dhati kwa hisani ambayo bado sijaifanya. Najua zinatoka wapi. Mimi nilifundishwa kuandika hivyo hivyo. Lakini profesa anatafuta mtu wa kufanya naye kazi, na barua ya namna hiyo haimwambii kitu kuhusu kazi. Asipojibu kwa siku 10, mkumbushe mara moja kwa heshima. Akikaa kimya tena, nenda kwa mwingine bila kinyongo.

Usifuate jina kubwa. Mfuate atakayekuona.

Ukipata miadi, uliza maswali 3 bila kuzungukazunguka. Nani atanisimamia siku hadi siku? Tutakutana mara ngapi kwa wiki? Wanafunzi wa shahada ya kwanza waliopita hapa wako wapi sasa? Kwenye maabara kubwa, aliye karibu nawe atakuwa mwanafunzi wa uzamivu, si profesa, na hakuna ubaya wowote, mradi mtu huyo yupo na anajua kwamba wewe ni jukumu lake. Kisha watafute waliowahi kufanya kazi pale ukanywe nao chai. Watakueleza kwa dakika 10 mambo ambayo tovuti ya maabara haitakwambia kamwe.

HELA

Uliza malipo kabla ya siku ya kwanza.

Sentensi yenyewe ni hii: "Je, nafasi hii inalipwa kwa saa au kwa posho, ni kiasi gani, na nitaanza kulipwa lini?" Ni ngumu kuitamka kwa aliyelelewa kwamba kumtajia mkubwa hela ni kukosa haya. Jizoeze mbele ya kioo kama ni lazima. Profesa wa Kimarekani hataona umekosa adabu. Huenda ruzuku yake ina fungu la mshahara wa mwanafunzi, na asipokupa wewe atampa mwingine aliyeuliza. Pata jibu kwa maandishi. Maneno ya kwenye korido si mkataba.

Fahamu pia kwamba kwenye vyuo vingi kazi ile ile ya utafiti hulipwa kwa fedha au kwa alama za somo, si vyote kwa saa zile zile. Kama ada yako inalipwa na mfadhili na somo la ziada halikugharimu, alama zinaweza kukufaa. Kama mama yako ameuza kiwanja ili ufike huku, omba fedha.

Usikubali kujitolea kwa kazi ambayo wenzako wanalipwa.

Kwa mwenye viza hili si suala la heshima tu, ni la sheria. Kazi ambayo kwa kawaida hulipwa haigeuki kuwa ya kujitolea kwa sababu wewe umekubali kuifanya bure. Ukiambiwa uanze bila malipo halafu tutaona, jibu kwamba utawasiliana kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kisha uwasiliane nayo kweli.

Hapa naomba niwageukie wahadhiri wenzangu wa nyumbani, kwa sababu jambo hili linaniuma. Nilipokuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja kwetu, kabla sijahamia huku, nilipelekwa vijijini pamoja na wenzangu kujaza madodoso ya mradi uliokuwa na wafadhili wa nje. Tulipewa nauli ya kwenda. Ya kurudi tulichangishana. Tulipouliza tukaambiwa tumepata uzoefu. Mwanafunzi aliyekukusanyia takwimu amefanya kazi, na fungu lake liwemo kwenye bajeti tangu siku unayoandika andiko la mradi. Kijana anayekula mlo mmoja kwa siku atajaza dodoso chini ya mwembe bila kufika kwenye nyumba, na sehemu ya lawama itakuwa yako.

Hesabu saa zako, zote, kila wiki.

Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Saa hizo ni za kazi zote kwa jumla. Ukifanya saa 12 maktaba na 10 maabara umeshavunja masharti ya viza, hata kama kila msimamizi kwa upande wake anaona uko salama. Wakati wa likizo unaweza kufanya kazi muda wote. Usiseme "nilikuwa namalizia jaribio." Jaribio haliwezi kukutetea mbele ya uhamiaji. Na usidanganye upande wa pili, ukafanya saa 25 na kuandika 20 ili kumfurahisha profesa. Hapo umefanya kosa la viza na umejipunja kwa mkono wako mwenyewe.

Maabara ikiwa nje ya chuo, kwa mfano kwenye kampuni anayoshirikiana nayo profesa au hospitali ya ng'ambo ya barabara, usiingie kufanya kazi mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni iseme kama unahitaji kibali. Mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya masomo yako huidhinishwa kwenye I-20 kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Hakuna kibali cha kurudi nyuma.

Soma hati yako ya malipo na ujaze fomu za kodi.

Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado anahesabiwa kuwa si mkaazi kwa mambo ya kodi, yaani kwa kawaida katika miaka 5 ya kalenda ya mwanzo, hatakiwi kukatwa michango ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee, ile asilimia 7.65. Ukiona umekatwa, nenda ofisi ya mishahara na hati mkononi. Ukumbuke kwamba ukiingia Marekani Agosti, mwaka huo wote umeshahesabika kuwa wa kwanza. Posho ya ufadhili, tofauti na mshahara wa saa, inaweza kukatwa kodi asilimia 14 kabla haijakufikia, na kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hakuna nafuu ya mkataba utakayoidai. Fomu ya 1040-NR ya aliyepata mshahara mwisho wake ni Aprili 15. Hata usipopata senti, fomu 8843 inakuhusu.

Usiahidi hela hiyo nyumbani kabla haijaingia benki.

Ukishatangaza kiasi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kimeshapangiwa matumizi: mabati ya shangazi, ada ya mdogo wako, msiba wa Korogwe. Saidia nyumbani, ni wajibu na ni heshima. Lakini toa kwanza kodi ya serikali, kodi ya chumba cha kiangazi na chakula, kwa sababu bweni na kantini vinaweza kufungwa Juni, na mwenye njaa hafanyi utafiti.

KAZINI

Uliza, hata ukichekwa.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Aliogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipokwenda shuleni hapo kutoa mhadhara, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza mara ya tatu. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969, ule ule wa UROP, makala yao ikatoka kwenye jarida la Physics Education.

Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo lenyewe, baadhi wakisema halipo kabisa. Hilo halipunguzi kitu. Kijana aliona kitu, akakisema kilivyo, akakirudia kwa watu wenye uwezo wa kukipima mpaka mmoja akakipima. Wewe uliyeketi kwenye mkutano wa maabara tangu Septemba bila kufungua mdomo, huku una swali kwenye daftari, umepewa nafasi ambayo Mpemba aliipigania. Uliza swali moja kila mkutano. Kama umelisahau neno la Kiingereza, zungumza taratibu na uchore.

Usijibu "ndiyo" kwa maelekezo ambayo hukuyaelewa. Rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo nitapima kila baada ya dakika 30, na ikizidi nyuzi 40 nasimamisha?" Msimamizi atakurekebisha papo hapo, na mtaokoa wiki.

Andika kila kitu, siku ile ile, kwa kalamu ya wino.

Tarehe, saa, ulichofanya, kiasi, namba ya chupa ya kemikali, joto la chumba, na kilichokwenda kombo. Usichane ukurasa. Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, andika sahihi pembeni na tarehe. Daftari ni mali ya maabara. Linabaki, wewe unaondoka. Data ghafi usizifute hata siku moja, na nakala yake iwe mahali pa pili ambapo maabara imeruhusu.

Mwaka 2002 tume iliyoundwa na Bell Labs ilichunguza kazi za Jan Hendrik Schön, mwanafizikia kijana aliyekuwa akitoa makala kwa kasi iliyowashangaza wote. Kati ya tuhuma 24, tume ilithibitisha 16. Ilipodai data ghafi, nyingi hazikuwepo. Maelezo yake yalikuwa kwamba alizifuta kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta. Daftari la maabara linaloeleweka hakuwa nalo. Usiwe na kazi ambayo huwezi kuionyesha.

Usirekebishe matokeo yafanane na yanayotarajiwa.

Fundi sanifu wa maabara kule Dar es Salaam, alipotumwa na Osborne kupima maji ya Mpemba, alirudi na taarifa kwamba ya moto yametangulia kuganda kweli, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamsaidia bosi wake. Ndivyo data inavyoharibiwa mara nyingi, kwa nia ya kumridhisha mkubwa. Namba iliyokaa mbali na zenzake iache pale, iandikie maelezo, umwonyeshe msimamizi. Uamuzi wa kuiondoa, kama utakuwepo, ufanywe mbele ya watu na uandikwe sababu. Na usipeleke data ya maabara kwenye programu za akili mnemba bila ruhusa; ikishatoka, hairudi.

Kosa lako liseme siku ile ile.

Nilikuwa mwaka wa pili, kwenye maabara ya udongo. Ijumaa moja jioni niliweka sampuli za wiki 3 kwenye friza na sikusukuma mlango mpaka mwisho. Jumamosi nikapita kuchukua mwavuli, nikakuta maji sakafuni na sampuli zimeyeyuka. Nilifuta maji. Nilifunga mlango, zikaganda tena. Nikanyamaza siku 2. Jumatatu mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa ananisimamia akazitoa na kuziingiza kwenye mashine, akatumia siku nzima na kemikali za bei kubwa, akapata namba zisizo na kichwa wala miguu. Nilipomweleza jioni ile hakunifokea. Alikaa kwenye kiti akafumba macho. Alikuwa na miezi 4 ya kumaliza tasnifu yake. Profesa alichoniambia ni kwamba friza huachwa wazi mara kwa mara na wengi, na sampuli zingeanza kuchukuliwa upya wiki ile ile. Kilichopotea ni zile siku 2, na imani.

Nilibaki pale, kwa huruma yao. Wapo walioondolewa kwa kidogo kuliko hicho. Tangu siku hiyo kila kijana anayekuja kwangu namwambia jambo moja kabla sijampa ufunguo: njoo na habari mbaya kabla hujaifuta sakafuni.

Usifanye kazi peke yako usiku, na usivue kinga.

Desemba 29, 2008, kwenye maabara ya kemia ya UCLA, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23 alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayojiwasha ikigusa hewa. Bomba la sindano likafumka. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za plastiki, hana koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Aprili 2011, chuo cha Yale, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa peke yake usiku kwenye karakana ya maabara, nywele zake zikanaswa na mashine ya kukereza chuma. Alifariki akiwa amebakiza wiki chache ahitimu.

Usiniambie joto, wala miwani inaacha alama usoni, wala profesa alikuwa na haraka. Koti, miwani, glavu zinazofaa kemikali hiyo, nywele na ushungi vimefungwa ndani. Dada anayevaa hijabu aulize kuhusu ya pamba inayobana, na maabara nyingi zitamsaidia. Kama hujafundishwa mashine, usiiguse. Kama umeagizwa kufanya jambo unaloliogopa, sema: "Sijafundishwa hili, naomba uwe nami mara ya kwanza." Hakuna msimamizi mwenye akili timamu atakayekukatalia, na anayekataa amekwisha kukuonyesha kwamba si wa kufanya naye kazi.

Ukichukuliwa kwa sababu ya Kiswahili chako, kilinde.

Vyuo vingi vinafanya utafiti na jamii za wakimbizi, na vijana wanaozungumza Kiswahili hutakiwa kuhoji na kutafsiri. Kazi hiyo ni nzuri na ina hatari yake. Anayehojiwa ni jirani yako, pengine mnasali naye; anaweza kukubali kwa sababu anakuogopa au anakuonea haya kukukatalia. Msomee fomu ya ridhaa yote, taratibu, kwa Kiswahili anachokizungumza yeye. Cha Bukavu si cha Zanzibar. Mwambie wazi kwamba akikataa, chakula chake na karatasi zake haviguswi. Kisha alichokwambia kifie hapo hapo. Usikipeleke kanisani, msikitini wala kwa mama yako.

Sheria hizi za ridhaa na siri zina damu nyuma yake. Kule Tuskegee, Alabama, tangu 1932 mpaka 1972, mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa na bila kuambiwa ukweli, hata baada ya dawa kupatikana. Habari zilipotoka, sheria ya mwaka 1974 ikazipa nguvu kamati za maadili ambazo leo zinakutaka ufanye mafunzo ya saa kadhaa kabla hujamhoji mtu yeyote. Usibofye majibu ili umalize haraka. Yasome.

Na tafsiri ni utafiti. Idai malipo yake na idai kutajwa.

Zungumza mapema kuhusu jina lako kwenye makala.

Uliza mwanzoni, si siku makala inatumwa: nikifanya nini nitakuwa mwandishi mwenza, na nikifanya nini nitatajwa kwenye shukrani? Kuosha vyombo na kufuata maelekezo kwa kawaida ni shukrani. Ukibuni njia ya kupima, ukachambua, ukaandika sehemu, una hoja. Usidai usichostahili, ukidai kila mahali hutasikilizwa pale unapostahili. Lakini ikumbuke makala ile ya 1969. Osborne alikuwa daktari wa fizikia, Mpemba kijana wa Kitanzania aliyekwisha kuambiwa amechanganyikiwa, na jina lililotangulia ni la Mpemba.

Usivumilie udhalilishaji.

Kazi ngumu vumilia. Kukosolewa vumilia, hata kukiuma. Lakini mkono usiotakiwa, ujumbe wa saa 6 usiku usiohusu kazi, tusi la rangi yako au lafudhi yako, tishio kwamba viza yako iko mikononi mwake: hayo hayavumiliwi. Viza yako haiko mikononi mwa profesa. Inategemea usajili wako na masharti yake, na anayeshughulika nayo ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, hifadhi ujumbe, umwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha uende ofisi ya Title IX, inayotokana na sheria ya mwaka 1972 dhidi ya ubaguzi wa jinsia, au kwa mkuu wa idara. Wazazi wetu wakikwambia vumilia mwanangu, utamaliza, wanasema hivyo kwa kukupenda na kwa kukosa habari. Wape habari.

UKIONDOKA

Usipotee.

Nimepoteza wanafunzi 3 waliokuwa wazuri kwa sababu mtihani uliwaelemea wakaona haya kusema, wakaacha kuja. Sentensi moja ingetosha: mitihani imenizidi, naomba wiki 2. Mimi ningewapa 3.

Barua ya kupendekezwa iombe wiki 4 kabla, kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi, ukimwambatishia wasifu wako na orodha ya ulichofanya mwezi kwa mwezi. Andika kurasa 2 za makabidhiano: nini kiko wapi, nini hakijamalizika, nini kilikushinda. Hakikisha daftari liko rafuni. Rudisha funguo. Mpitishe anayekuja baada yako kwenye kila mashine, na mwonyeshe mlango wa friza usiofunga mpaka uusukume kwa bega.